Ko Ko Ko kwenye Mlango wa Mama

Ilunga, mudogo wangu,

Hapa Kolwezi vumbi jekundu bado linaonja chakula kabla yetu, na mi bado ndiye mwenye mdomo kuliko wanaume wote kutoka hapa hadi Lubudi. Anayebisha hajanisikia.

Siku ile uliponiambia mi mkubwa wako kwenye simu, "Yaya, mi ni agnostiki," nilikuuliza kama daktari amekupa dawa. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukanieleza taratibu: hakuna anayeweza kujua kama Mungu yuko, wala kweli ya mwisho ni ipi. Ndiyo maana Jumamosi hutakuja kumaliza matanga ya Mama. "Siwezi simama pale na kuomba Mutu ambaye sijui kama iko. Itakuwa ni kudanganya Mama."

Shule mi niliiacha njiani. Wewe uliifuata mpaka Lubumbashi, ukawa mwalimu wa walimu. Lakini kumbuka mlango wetu wa bati. Tukifika tulibisha kwa mdomo: "Ko ko ko!" Mama anauliza, "Nani?" Sisi: "Ni mi!" Jina gani hilo? Kila mtu duniani ni "mi". Na bado alifungua bila kuchungulia. Unakumbuka nilivyokaza sauti, "Ni pasta!"? Mama akajibu kutoka ndani, "Pasta, teka kwanza maji, ndoo iko hapo inje." Ulianguka chini kwa kicheko.

Hakutuona. Alitujua.

Nakukubalia: kichwa cha mtu hakiwezi kupanda juu kuipima kweli yote. Hata hiki changu, na unajua ukubwa wake. Lakini mi naamini Kweli si kitu kinachokaa mbali kikingoja tukifikie. Ni Mtu, alishuka mwenyewe, akaja kubisha. Musa alipouliza jina pale kwenye kichaka cha moto, alijibiwa karibu vile vile: ni mi, niko.

Mchana ule wa mwisho nilikuwa nimemshika Mama mkono. Aligeukia mlango akauliza, "Nani?" Mi sikusikia kitu. Yeye akatabasamu: "Ingia, Tata," kama anayemkaribisha baba yake. Utasema ni homa. Huenda. Lakini wewe na mi tunajua, Mama hakuwahi kukosea sauti ya mlangoni.

"Sijui" yako siiogopi. Ni safi kuliko "najua" nyingi zinazopigiwa spika mtaani kwetu. Njoo nayo. Usiombe, nitaomba mi kwa wawili, pumzi ninayo. Wewe kaa tu karibu yangu, maana tangu Mama aende, huyu mwenye mdomo hana wa kumwambia ateke maji.

Jumamosi nitakaa nyuma ya bati lile. Usitafute maneno ya shule. Sema tu ko ko ko. Nitauliza "Nani?", na sitachungulia.

Ni mi,
yaya wako