Kandambili za Chooni

Baba Salma,

Hamjambo huko Croydon? Huku milimani Japani mie mzima, ila heshima yangu ndiyo iliyougua.

Mji wenyewe mdogo, umebanwa baina ya mto na mlima, na mvuke wa maji moto unatoka hata kwenye mitaro. Zamani wachimba madini ya fedha wakishuka hapa kuoga. Siku hizi wanaoshuka ni wazee na vikapu vyao vya sabuni, na wauguzi wa Landani kama sisi.

Katika nyumba ya wageni viatu vinabaki mlangoni, na chooni mna kandambili zake. Wenzangu wa kazini wakashangaa. Mie nikawasomesha: "Kwetu Unguja haya tunayajua tangu tuko wadogo. Mume wangu tu ndiye bado namfundisha!"

Jioni nikatoka chooni, nikaingia ukumbini kula, nikakanyaga mikeka yao safi mpaka mahali pangu. Watu wote wakanikodolea macho. Nikadhani wanalistaajabia buibui langu jipya. Kumbe miguuni nimevaa kandambili za chooni, nyekundu, za plastiki!

Bibi mwenye nyumba hakunifokea. Alipiga magoti, akanivua moja moja kama mtoto, akafuta mkeka huku anatabasamu. Ungekuwa wewe na zulia langu, jirani wa juu angeshanisikia.

Nimekukumbuka mno, mume wangu. Kadi hii usiisome kwa sauti. Watoto kusoma Kiswahili hawajui, lakini kusikia wanasikia.

Mama Salma