Divai Iliyochemka Bila Moto

Cato Manor, Durban
1999

Mpendwa Yaya,

Siku ya kwanza nilipokuja kusafisha nyumba yako Queensburgh nilikuita Madamu. Ulikataa. Kwenu Katalunya, ulisema, bibi huitwa yaya. Nikacheka, maana kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa.

"Basi nitakuwa vyote viwili," ukasema. Kifaransa chetu sote kilikuwa cha kuazima, lakini kilitufikisha.

Mchana ule uliniketisha mezani. Kwenye nyumba nilizofanyia kazi kabla yako, kikombe changu kilikuwa cha bati na kilikaa peke yake chini ya sinki. Wewe ulileta chupa ya kioo yenye mdomo mwembamba kama wa birika, ukainyanyua juu, divai ikashuka kama uzi mwekundu mpaka kinywani bila kugusa midomo. Kisha ukanipa mimi. Nililowanisha blauzi nzima.

"Kwetu Priorat, huko Katalunya, chupa hii inazunguka meza yote," ulisema. "Hakuna mwenye yake."

Ulinisimulia miteremko ambako hata nyumbu huteleza, na ardhi ya mawe meusi yanayobanduka kama vigae, mizizi ya mizabibu ikipenya nyufa kwenda kutafuta maji chini kabisa. Ulisema zamani mchungaji wa kondoo aliona malaika wakipanda ngazi kwenda mbinguni, na watawa wakaja kujenga hapo na kupanda mizabibu. Nikauliza kama ni kweli.

"Malaika sijui. Mawe nimeyabeba mwenyewe."

Februari tulileta makasha ya zabibu nyeusi kutoka soko la Clairwood. Nikanawa miguu, nikaingia ndani ya pipa, nikakanyaga huku wewe ukipiga makofi. Nilisubiri utie hamira, au sukari. Hukutia kitu. Siku ya tatu ulinishika shingo, ukaniinamisha nisikilize. Ndani kulikuwa na sauti kama mvua inayoanza kwenye mabati ya mbali. Maganda yalikuwa yamepanda juu, na nilipoweka mkono, yalikuwa na joto.

"Iko nani humu ndani?" niliuliza.

"Miaka yote hii nasikiliza," ulijibu polepole, "na bado sijui."

Mimi niliyekimbia vita, kuoza nilikujua kwa harufu. Lakini pale harufu ilikuwa tamu. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni.

Divai haijatulia bado, mwanao akaja kukuchukua urudi kwenu ukatibiwe. Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya makaratasi yangu ya ukimbizi. Nilipofika, geti lilikuwa limefungwa. Jirani yako alinipa mtungi wa divai yetu. "Eish, sisi," alisema, yaani dada kwa Kizulu, "ameshaenda. Amesema ni yako."

Niliufungua Pasaka, na majirani zangu. Ilikuwa kali, halafu ikalainika taratibu ulimini. Nilitazama miguu yangu, nisiamini.

Wiki iliyopita jirani yako aliniambia wamekuzika, kule kijijini kwenu. Kwetu mgeni haondoki bila kusindikizwa, Yaya, na mimi sikukusindikiza. Kwa hiyo jana nilipanda taksi mpaka Queensburgh. Nyumba ina watu wengine, mbwa wao alinibwekea. Nilisimama getini, halafu nikatembea polepole, kwa mwendo wako, mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa. Taa ikawa ya kijani. Nikasema kwa sauti, watu wakageuka:

Nenda salama.

Mdogo wako