Vioo vya Shangazi Wadad

Beirut, Novemba

Mdogo wangu Zaher,

Sisi wazima. Zeituni mwaka huu ni haba, na paka wako kazaa tena kabatini.

Unasema huko Paris mnataka sanamu nyingine ya vioo vya mlipuko wa bandarini. Basi nikwambie picha za ufunguzi wa maonyesho hazikuonyesha nini.

Shangazi Wadad alikuja. Alisimama mbele ya ile sanamu kubwa, niliyoiunda kwa vioo nilivyookota nyumbani kwake, katika chumba alichofia binti yake Mirna. Akaletewa kahawa. Akaionja, akairudisha kwenye sinia.

"Ina sukari! Tangu lini kahawa ya matanga ikatiwa sukari? Anaolewa nani hapa?"

Waziri aliyealikwa akajifanya anasoma maandishi ukutani. Shangazi akanigeukia mimi.

"Nuhad, kioo cha mwanangu watu wanapigia picha. Dirisha langu mpaka leo ni nailoni. Kuokota ulikuja, mbona kuziba hukurudi?"

Zaher, walioacha shehena ile ya kemikali bandarini miaka yote mpaka ikalipuka, nawalaani kila asubuhi. Siku ile laana ilinirudia mimi mwenyewe.

Sileti sanamu, wala usiniombe tena. Jana nilikwenda kwa shangazi na fundi, tukatia kioo kipya. Nikapewa kahawa chungu, nikainywa yote. Fundi alipomaliza, shangazi akafagia vipande vya kioo vilivyobaki, akanikazia macho.

"Na hivi je? Usije ukaondoka navyo."

Dada yako,
Nuhad