Karatasi Yenye Papa Osée Hakupata

Mama Marie-Thérèse mupendwa, nakulomba musaada, miye ni mama wa miaka makumi ine na saba, mukristu, secrétaire ku kampuni moja kidogo ya kujenga hapa Lubumbashi, na ukisoma barua hii ku radio tafazali jina langu uliache, majina ya bengine nimesha kubadilisha, maana kule chantier, pale tunajenga, bantu bote banakusikilizaka saa ya kula.

Tunajenga shule ya classe tatu kule Kasungami. Chef wetu, mwenye kampuni, tumuite Clément. Mukubwa wa bamaçon, mafundi ba kujenga, ni Papa Osée, muzee wa miaka makumi sita na moja, njo alinipokeaka siku yangu ya kwanza ku hii kazi, akanionesha namna ya kusoma plan, hapa ni mulango, hapa ni dirisha, mama usiogope, plan iko sawa mugeni, ukimuangalia polepole atakuambia mwenyewe anatoka wapi. Ile wema sijaisahabu. Njo inaniuma zaidi.

Mwezi wa tatu chef akaleta ingénieur mupya, Gaëlle, mutoto wa juzi, miaka makumi mbili na sita, na yeye akaleta namna ingine ya kutumika. Plan yote ya kazi iko sasa ku internet, ndani ya programme moja, kila kazi iko na mustari wake wa rangi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na kama ingénieur anabadilisha kintu inabadilika kwa bote palepale. Akatukusanya, akatuelezea saa moja na nusu, kisha akauliza: "Nani hakuelewa?" Mama, sikuelewa ata kidogo. Lakini pale mu biro miye njo mukubwa, miye njo niko na diplôme, nitauliza namna gani mbele ya bote, na kwa mutoto mwenye ningeweza kumuzaa? Nikajibu: "Tumeelewa, tuendelee."

Alikuwa ametutumia ujumbe wenye bintu mbili, juu ni lien, maandiko ya kubonyeza, ya kuingilia mu programme, chini ni picha ya plan kama vile ilikuwa ile siku. Lien nilijaribu mara moja, ikaniuliza mot de passe, lile neno la siri, nikaandika, ikakatala, nikaandika tena, ikakatala, nikaacha. Picha yenyewe ilikuwa inafunguka muzuri kabisa. Basi kila lundi, siku ya kwanza ya kazi, asubui nafungula picha, naangalia mistari yake ya rangi, najiambia, aa, leo nimeona plan, naitosha ku karatasi na mashine, napeleka kwa chef, anapiga cachet, muhuri wa kampuni, kisha naipeleka kwa Papa Osée. Na weye unajua kwetu hapa, karatasi yenye cachet njo karatasi, ya mu telefone ni ya kuongea tu. Papa Osée mwenyewe alikuwa anasema: "Ya mu internet iko ya Gaëlle, yangu iko hii ya cachet." Kila lundi ilikuwa karatasi ile ile moja, na tarehe mupya ya cachet juu yake! Siku moja akaniambia: "Mama, huyu mutoto Gaëlle habadilishake kintu, eko na kichwa nguvu." Tukacheka sisi wawili.

Gaëlle yeye alikuwa amesha kutumwa kufuata chantier ingine kule Mitwaba, kila neno lake alikuwa analipitisha mu programme. Mwezi wa kumi, mbele ya mvula, akabadilisha plan. Akaandika: chimba kwanza mufereji nyuma, ukuta wa nyuma usipande mpaka mufereji umalizike, juu maji yote ya kilima inashukia pale. Mu picha yangu ya mwezi wa tatu ukuta njo ilikuwa ya kwanza, mufereji kisha. Papa Osée akafuata karatasi yake ya cachet, akapandisha ukuta, muzuri, wima. Mvula kubwa ya kwanza ikaisukuma yote chini, siku ya Mungu, saa ya misa. Aksanti Bwana hakuna muntu aliyeumia, maana siku zingine zote bamama banapitaka pale na ndoo zao.

Chef akaita réunion. Akauliza: "Papa Osée, plan mupya ilisema mufereji kwanza. Juu ya nini ulipandisha ukuta?"

Papa Osée akasema: "Plan gani mupya, chef?"

Chef akaniangalia miye. Mama Marie-Thérèse, nilikuwa na dakika nzima ya kusema kweli, na kinywa changu kikasema: "Nilimupatia."

Muzee akaniangalia. Afazali angekasirika. Akasema polepole: "Kama Mama anasema alinipatia, basi alinipatia. Mama hasemake bongo, hadanganyake. Labda ni miye nilisahabu." Chef akamutuma ku nyumba yake, eti apumuzike, eti kichwa kimechoka, akaweka mwingine pa nafasi yake.

Nikarudi mu biro, nikamuita Gaëlle ku telefone, nikamuambia sina tena mot de passe. Akanitumia ingine palepale, bila kunicheka, akanionesha pa kubonyeza. Dakika mbili, mama! Miezi saba ya haya kwa kintu cha dakika mbili. Plan ya kweli ikafunguka, mistari imesogea yote, ile ya mufereji nyekundu kabisa, na pembeni pameandikwa nani alifungula, siku gani. Gaëlle, kila siku. Chef, mara tatu toka mwezi wa kumi uanze. Miye, ile siku njo ilikuwa ya kwanza.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Nilitosha ile plan mupya ku karatasi. Funguo ya tiroir, droo ya meza yenye cachet, iko kwangu. Nikapiga cachet, nikaandika tarehe ya mwezi wa kumi. Iko mu saki yangu ya mukono hapa. Nafikiri niiweke kati ya bikaratasi bya Papa Osée kule mu container ya chantier, bataikuta, batasema, aah, muzee alipata, aliiweka vibaya tu, haiko kiburi, ni uzee, na chef atamusamehe, atarudi. Najiambia ni kumusaidia.

Lakini jana bibi yake, Mama Mado, alikuja kwangu. Beko banatafuta ile karatasi. Bamegeuza matela, bametosha masanduku inje, Biblia bamefungula ukurasa kwa ukurasa. Papa Osée anamutuma aniulize: nilimupatia siku gani, alikuwa anavaa nini, labda atakumbuka. Anaogopa, mama. Baba yake alianzaka vile, kusahabu bintu bidogo, mwisho akawa hajue batoto bake. Sasa kila asubui anamuuliza Mama Mado leo ni siku gani, kisha anaangalia ku telefone kama amemujibu kweli. Mama Mado alilia mu salon yangu. Na miye nikamupikia chai. Nikamupikia chai, Mama Marie-Thérèse, nikamuambia tutaombea!

Nikisema kweli, chef atanifukuza, na bwana wangu hana kazi toka mwaka jana. Nikinyamaza, chakula hakipite. Niambie niweke ile karatasi ao niache.

Secrétaire mwenye haya, Kasungami

*

Mama, barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili nikiwa nimesimama. Tuanze na huruma, juu haitakuwa nyingi.

Kutojua haiko zambi. Miye unayenilomba shauri nilikuwaka secrétaire. Siku walituletea mashine ya kuandika ya umeme, nilikaa yenga moja, siku saba, nikisema mukono unaniuma, juu sikujua pa kuiwasha. Mukono! Nikafunga kitambaa! Mwishowe mama wa kufagia njo alinionesha, na hakufa, na miye sikufa. Kwa hiyo ile haya yako naijua kwa jina na kwa ukoo. Bantu ba cheo kidogo kama sisi tunaogopa kuuliza kuliko bakubwa na kuliko badogo. Na kuuliza haiko ujinga, tunawaambiaka batoto betu kila siku.

Huruma imekwisha.

Ile "nilimupatia" yako ilikuwa bongo ya kuogopa, muntu anaweza kuielewa. Lakini karatasi yenye iko mu saki, ile ulikaa, ukafikiri, ukafungula tiroir, ukachagua tarehe. Na unaniambia ni musaada! Musaada kwa nani? Fikiri kidogo, weye uliyesoma. Papa Osée leo anajiuliza kama kichwa chake kinaharibika. Bado eko na tumaini moja tu: karatasi haionekane. Sasa weye uende uiweke, bamuitie, bamuoneshe, na cachet, na tarehe, kati ya bintu byake mwenyewe. Ataiangalia na macho yake na hatakumbuka kintu, juu hakuna ya kukumbuka. Ile siku utakuwa umemumaliza, mama. Chef atamusamehe, ndiyo, atamusamehe kama banasameheaka muzee asiye na akili, na atarudi ku chantier bantu banamuongelesha kwa sauti kubwa sawa kiziwi. Njo zawadi unamupelekea?

Tena usizani utafichama. Nilimuuliza mutoto wa dada yangu, Kiki, yeye anatumikaka na hizi programme za plan. Akaniambia: "Tante, inaandika byote, nani alifungula na nani aliitosha ku karatasi, na siku." Gaëlle akiangalia siku moja tu, ataona jina lako linaanza tu wakati ukuta umesha kuanguka. Njia ya mwongo iko fupi, na siku hizi imewekwa na saa.

Kwa hiyo sikia ya kufanya. Ile karatasi usiipasue. Najua ulikuwa unataka kuipasua ukisoma hapa. Itabaki mu saki mpaka uiweke mbele ya chef na mikono yako, umuambie, hii nilitengeneza, cachet nilipiga miye. Fungula programme palepale, muoneshe ile pembeni yenye majina. Lomba réunion, na bale bale bote walisikia "nilimupatia" basikie "sikumupatia". Bongo ulisema mbele ya bantu, kweli hutaisemea ku telefone.

Na weye unayeitwa Clément mu barua hii, jina limebadilishwa lakini utajijua, uko unakula na radio iko pembeni. Plan mupya uliifungula mara tatu. Uliona mufereji. Kila lundi banakuletea karatasi yenye ukuta kwanza na unapiga cachet bila kuisoma! Cachet haina macho, papa, macho ni yako. Unamutuma muzee ku nyumba juu ya kichwa kuchoka, cha kwako kilikuwa wapi? Mbele ya kumufukuza huyu mama, kaa kwanza na ile swali. Kama bado unataka kumufukuza, sawa, lakini Papa Osée arudi pa nafasi yake, na umurudishe weye mwenyewe, kwa miguu yako, mbele ya bamaçon bake.

Mama, kama utabaki ku kazi, lundi ya kwanza muite Gaëlle, muambie: "Mutoto wangu, nielezee tena, sikuelewaka." Mara moja, bila kuzunguka. Kisha kila ukifungula plan, angalia kwanza tarehe ya mara ya mwisho ilibadilishwa. Plan yenye haisogei miezi saba, na bantu beko banajenga, haiko plan, ni picha.

Lakini kabla ya chef, kabla ya Gaëlle, uko na mulango moja wa kugonga, na ni leo. Usingoje lundi. Usipeleke mukate, usipeleke sukari, mukono mutupu. Usianze na shetani alinijaribu, shetani hana mot de passe yako. Baombe bakae wote wawili, Papa Osée na Mama Mado, useme: hakukuwa na karatasi, nilisema bongo, niliogopa. Kisha nyamaza. Wakikutukana, pokea. Mama Mado akikukumbusha ile chai, pokea vilevile, ni haki yake.

Sitakudanganya, kazi inaweza kupotea, na bwana hana, na itakuwa nguvu. Maji ikimwangika haizoleki. Bantu bengi banapoteza kazi hapa mujini, banalia, banatafuta ingine. Lakini huyu muzee asubui ya leo ameamuka na amemuuliza tena bibi yake leo ni siku gani. Vaa viatu, enda umuambie kichwa chake ni kizima.

Mama Marie-Thérèse