Kikapu cha Kahawa

Muleba, Jumatano

Eti nimefurahi. Mtu anaambiwa uvimbe wake huenda ni saratani, naye anatoka hospitali Bukoba akitabasamu peke yake kama mwehu!

Daktari alinipaka kitu cha baridi shingoni, akapitisha kile chombo cha ultrasaundi, kisha akaikazia macho picha.

"Uvimbe uko ndani ya tezi ya shingo. Ni mgumu, na kingo zake sizipendi. Nenda Mwanza wakauchome sindano, wapime."

"Kwa hiyo si ule ugonjwa uliomuua mume wangu?"

"Picha haionyeshi hilo, mama. Virusi hupimwa kwenye damu."

Sikutaka kumsikia.

Nyumbani nimemwambia mama mkwe ni rovu tu, la kukosa madini joto, nikamwonyesha picha. Tangu shingo ivimbe, akidhani ni ule ugonjwa wa mwanawe, kahawa yangu ya kutafuna alikuwa ananiwekea pembeni, kwenye kipande cha jani la mgomba. Leo amenisogezea kikapu chenyewe, tule pamoja.

"Chukua, mwanangu. Tulikuonea."

Nimetafuna. Kumeza kunauma.

Habari ya sindano sijamwambia, wala ya damu. Nikimwambia, jani litarudi.