Pampu Siku ya Sabato

Jumamosi jioni, Agosti 1968

Mikono bado inanuka dizeli, na shati la kanisani limeharibika kabisa.

Mahubiri yalikuwa hayajaisha tarishi wa kazini aliponiita nje. Simu imetoka ziwani: boti ya mizigo imezama karibu na gati, wanataka pampu, kamba na mapipa matupu ya kuiinulia. Funguo za stoo ya vifaa vya uokoaji ninazo mimi peke yangu. Nilipiga simu kutoka ofisi ya kanisa kuuliza kama kuna watu ndani. Laini ikakwaruza, ikakatika.

Kabla sijaondoka, mzee wa kanisa alinifuata mpaka langoni. "Kama ni watu, nenda. Kama ni chuma, kingoje jua litue."

Nikasema ni watu. Sikujua.

Tulipakia wawili tu, mimi na Okoth dereva, na ile pampu ni nzito kama ng'ombe. Lori likateremka kwenda ziwani, nikabaki stoo kungoja habari.

Okoth alirudi saa kumi na moja. "Bwana Stoo, mabaharia wote walitoka tangu alfajiri. Kilichobaki chini ni injini na magunia ya unga."

Mama Nyaboke aliniwekea chakula bila kuniangalia. "Kwa hiyo mume wangu ameacha Sabato kwa ajili ya unga?"

Nimechoka, hata kubishana siwezi. Lakini kinachonisumbua si mke wangu, wala mzee wa kanisa. Okoth aliposema wote wamepona, sikufurahi. Kwa dakika moja nilitamani angalau mmoja awe amebaki ndani, ili nisiwe mwongo.