Mahali Ulipolala Kwanza

Shikamoo Baba.

Tumekuhamisha. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujaletewa habari zilizotiwa chumvi na wanaotoka huku kuja huko. Sasa uko mbele ya nyumba, ubavuni mwa Babu. Barabara ya lami imepita kule chini kwenye mibuni, pale ulipolala kwanza.

Nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi mtu akueleze jambo kwa kurukaruka.

Unakumbuka wapima walipokuja Mabira mara ya kwanza wakapaka X nyekundu kwenye ukuta wetu. Barabara ya vumbi ilikuwa inapita mlangoni, kwa hiyo kila mtu alijua lami nayo itapita mlangoni. Ulikaa ukaitazama ile X, kikombe cha rubisi ya ndizi mkononi, hunywi. Halafu ukamwita kaka Mugisha, ukashuka naye mpaka mwisho wa kibanja, migomba inapoishia na mibuni inapoanzia, ukamwonyesha mahali kwa fimbo. Ukasema Babu watamhamisha, hilo halina ujanja, ila wewe hutaki kulala mahali ambapo watu watakuja kukuamsha. "Mkishanizika, msinisumbue tena." Majirani walishangaa. Mwenye mji hulala mbele ya nyumba karibu na baba yake, wanaoingia na wanaotoka wamwone. Wewe ukachagua mibuni, kama mtu anayewakimbia wadai. Mama alinuna kwa siku kadhaa.

Basi ukafa, na tukafanya ulivyotaka.

Kuna jambo nakwambia wewe tu, kwa sababu wengine wananisema. Sikulia. Msibani watu walilala kwenye nyasi, Shangazi alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nilikuwa jikoni naulizia sufuria ile kubwa imeazimwa nyumba gani. Nilirudi kazini kabla watu hawajamaliza kutawanyika. Si kwamba nilikuwa najikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Chakula nakula, usingizi napata, nikichekeshwa nacheka. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu ukafa ganzi, unaugonga na unajua kabisa ni wako, lakini hausemi chochote. Nimekuwa hivyo. Mama mmoja wa kwaya alimwambia mwenzake, nikiwa nasikia, kwamba shule imenikausha.

Sasa barabara. Miaka kadhaa baada ya kukuzika, waliochora walirudi wakapima upya, wakaona kona ile ya mlangoni kwetu ni kali mno. Lori la kahawa likiikata, lazima liingie upande wa anayekuja. Wakaishusha barabara kule chini kwenye mibuni ili kona ifunguke. Nyumba yako ikapona. Babu akapona. Ile X ikabaki ukutani haina kazi. Na mstari wa katikati ya barabara ukapita juu ya kifua chako.

Ungekuwepo ungecheka. Mzee mzima unaikimbia barabara, unaenda kulala katikati yake.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kati yetu kuona. Mkandarasi alikuwa ameniajiri maabara, kambini Nyakatuntu, kazi ile ile uliyokuwa unaichezea shere. Uliwaambia watu kanisani kwamba umesomesha binti mpaka amekuwa mpishi wa udongo: anauchekecha, anautia maji, anauoka, na hakuna anayekula. Siku hiyo nilishuka kibanjani kuchukua udongo wa kwenda kupima, nikakuta kigingi chenye utepe mwekundu kimesimamishwa kichwani pako. Nilikiangalia. Nikachukua udongo wangu mbali kidogo na hapo, nikafunga mfuko, nikaandika jina la mahali, nikapanda gari. Jioni ndipo nilipompigia kaka simu.

Kaka alikataa usihamishwe. Alikataa mbele ya mtendaji wa kijiji, akakataa mbele ya mchungaji, akakataa mbele ya Mama. Alisema wewe uliacha neno moja tu, na yeye ndiye uliyemwachia, na halivunji. Watu walidhani anatafuta fidia kubwa. Hawamjui kaka. Mtendaji alieleza vizuri, kwa adabu, kwamba barabara haiwezi kusubiri. Familia ikikubali, itachagua yenyewe pa kukuzika. Ikikataa, serikali itakutoa na kukupeleka makaburi ya umma kule kwenye kilima cha nyasi.

Unapajua pale, Baba. Pale wanalala watu waliofia njiani na wale wasio na kibanja. Hakuna mgomba, hakuna mtu wa kupita asubuhi na jembe begani akakusalimia. Mama aliposikia alikaa chini palepale alipokuwa. Alipoulizwa anasemaje alijibu kwamba yeye aliolewa hapa, wenye kaburi ni ukoo, lakini wakikupeleka kule na yeye wampeleke kulekule. Kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba hatanii.

Nami wakanigeukia. Msomi wa barabara si yumo ndani ya nyumba, aongee na mabosi wake, wasogeze kidogo. Watu wanadhani barabara ni kamba ya kuanikia nguo, unaishika unaivuta. Ukiisogeza kwetu unaivunja kona, na nyumba ya jirani wa chini inaondoka. Niliwaeleza hivyo. Wakaniangalia kama mtu aliyekubali kukuuza.

Ndipo Shangazi akaja kutoka Ihanda kwa bodaboda, dada yako na magoti yake yale, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia ndani. Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye mibuni, akatandika kanga, akakaa kando yako, akasema kaka Mugisha aitwe. Tulishuka sote. Akamuuliza swali moja: "Wewe unaogopa neno la baba yako, au unaogopa nini?"

Kaka aliitazama saruji ya kaburi lako. Kisha akasema, "Shangazi, mimi siwezi kumwona."

Ilikuwa hivyo tu. Ugomvi wote ule, mikutano yote ile, na kumbe alikuwa anaogopa kukuona. Yeye ndiye aliyekuvalisha suti, yeye ndiye aliyekufunga vifungo. Alisema kila akifumba macho anakuona ulivyokuwa siku ile, na hataki kuona kingine juu ya hapo. Alilia, Baba. Mwanaume mwenye watoto sekondari, analia amepiga magoti kwenye mbolea.

Shangazi akamwambia hatalazimika kuona, ataona yeye. Lakini Shangazi haoni vizuri, sote tunajua. Nikasema nitaona mimi. Walinitazama. Kwa mara ya kwanza nilifikiri labda ganzi hii nilipewa kwa kazi fulani.

Walikuchimbua asubuhi, ukungu haujanyanyuka kwenye migomba. Walizungushia maturubai. Bwana afya alikuwepo, mchungaji alikuwepo, na vijana wa kazi waliovunja saruji taratibu, kwa heshima, bila redio. Mimi nilisimama ukingoni, kama nilivyoahidi. Suti imekwisha, vimebaki vifungo. Soli za viatu zilikuwa nzima kabisa. Kilichobaki ni wewe, na ni kidogo. Sitaandika zaidi ya hapo.

Unataka kujua nilichofikiri? Nilifikiri udongo wenyewe ni mzuri. Mwekundu, una changarawe, una unyevu wa kutosha, ukiufinyanga unakaa. Ndicho kitu pekee kilichokuja kichwani. Nilimsaidia bwana afya kukunja shuka jeupe, nikakagua hakuna kilichosahaulika chini, nikasema tayari.

Kaka alikuja sanduku lilipofungwa. Watu wanne walijipanga kulibeba, akawaondoa, akalibeba mwenyewe, peke yake, kukupandisha mpaka mbele ya nyumba. Katikati ya kibanja alisimama akanitazama. Nadhani alitaka niseme kitu. Ulikuwa mwepesi, Baba, na yeye alikuwa amejiandaa kwa mzigo. Nilimwondolea jani la mgomba lililokuwa njiani.

Tukakuzika. Mchungaji hakurefusha. Kila mtu alitupia udongo mara ya pili.

Ningeweza kuishia hapo, lakini lililobaki ndilo lililoninyima raha.

Lilibaki shimo. Wewe umeondoka, shimo liko katikati ya barabara. Na shimo la kaburi ni baya kwa barabara kuliko unavyodhani. Ukilijaza ovyo juu panaonekana pako sawa, rola linapita, lami inapita, watu wanapiga picha. Mvua za msimu zikija, udongo wa chini unajipanga upya, na lami inabonyea kwa umbo lile lile, urefu wa mtu na upana wa mtu. Nimeona mahali pengine. Na wewe unawajua watu wa kwetu. Pale kwenye mteremko mwalimu alipoanguka na baiskeli, mpaka leo panaitwa shimo la mwalimu, na mwalimu mwenyewe alishastaafu zamani. Hapa wangesema shimo la Ta Kaijage, na hiyo Ta ya kuheshimu wazee wasiiache. Punguza mwendo, shimo la Ta Kaijage hilo. Shusha abiria shimo la Ta Kaijage. Jina lako lingetukanwa na kila dereva aliyevunja springi. Huko ndiko kusumbuliwa kwenyewe.

Msimamizi wangu alinifuata, ni mtu mwema, akaniambia niende nyumbani, atapima mwingine. Nikamwambia hapana. Hakubishana.

Tulilipanua shimo ili mashine ndogo ya kushindilia iingie. Tukachimba mpaka tukafika kwenye udongo mgumu ambao jembe lilikuwa halijaugusa. Tukajaza kwa matabaka membamba, kila tabaka linamwagiliwa, linashindiliwa, linapimwa, ndipo linakuja jingine. Kupima ni hivi: unachimba kijishimo kwenye tabaka, unaukusanya udongo wake wote unaupima uzito, kisha unakijaza mchanga mkavu unaojua uzito wake, upate ukubwa wake. Halafu unaenda kuupika ule udongo, ujue ndani yake kuna maji kiasi gani. Tabaka moja halikufikia. Kidogo tu, mwingine angelipitisha. Niliwaambia wafukue. Vijana walinung'unika, wakafukua, tukaanza tena.

Tulipokuwa tunakaribia juu, kaka Mugisha alishuka kutoka nyumbani. Alikuwa hajashuka kule tangu siku ya sanduku. Alisimama, mikono nyuma, akatazama mashine inavyorukaruka. Kisha akaniuliza, "Hapa patatitia?"

Nikasema hapatatitia.

"Una uhakika?"

Ni swali la kazi. Naulizwa kila siku, nina majibu yake. Safari hii nililipiga tabaka kwa kisigino mara mbili, aone. Kisha nikaitikia kwa kichwa. Akaokota jiwe moja kubwa lililokuwa limejichanganya kwenye udongo wa kujazia, akalitupa nje, akapanda nyumbani.

Kokoto zikaja, lami ikaja. Nikahamishiwa kipande cha mbele.

Habari nyingine ni za kawaida. Mama ni mzima, asubuhi anafagia kwako na kwa Babu kwa mpigo mmoja, anasema umempunguzia safari. Kahawa sasa inakauka bila vumbi la mlangoni uliloligombeza miaka yote, maana barabara ya zamani imeanza kuota nyasi na mbuzi wa jirani wameihamia. Mibuni ya chini iliyobaki imezaa, michache. Kaka siku hizi akifumba macho analala. Shangazi bado anatusema sote kwa zamu.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka kambini kuja nyumbani, nimepanda bodaboda. Dereva ni kijana mwongeaji, alikuwa ananieleza mambo ya ng'ombe wa mjomba wake aliyezaa mapacha, na mimi namuuliza maswali, nacheka. Barabara ilikuwa laini. Nikaja kuinua macho naona daraja. Daraja, Baba. Daraja liko mbele, ukishapita kwetu. Tulikuwa tumeshapita. Tumepita juu ya mahali pako na mimi sikujua. Hakukuwa na kishindo, hakukuwa na kubonyea, pikipiki haikusema kitu, mwili wangu haukusema kitu. Mimi, niliyefanya wafukue tabaka zima, nimepita hapo nikicheka habari za ng'ombe.

Nikamwambia kijana asimame. Alidhani nimedondosha mzigo. Nilishuka, nikakaa ukingoni mwa mfereji, nikalia. Nililia mpaka nikatapika. Nililia yale ya msibani na yale ya ukingoni mwa shimo, na kaka alivyokubeba peke yake, yote yalikuja bila foleni. Yule kijana maskini alizima pikipiki, akanisogezea chupa yake ya maji, akauliza, "Dada, umefiwa?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Lini?" Nikamwambia leo.

Pumzika Baba, kwa Babu, mahali pako. Watu watapita kule chini kwa mwendo wanaotaka, na hakuna atakayekutaja. Nakuahidi mimi nikija kwetu sitapita huko tena. Nitashuka pale lami inapoachana na barabara ya zamani, nipande kwa mguu kwa njia ile ya nyasi, nije nitokee mbele yako nikusalimie.

Mwanao,
Kemilembe